Nani atarudi Zuzu na majibu?

Mwezi wa saba, uwele ukishavunwa na mashamba yakibaki mabua matupu, ndipo wanafunzi wa vyuo huanza kuonekana kwenye vijiji na mitaa ya pembezoni mwa Dodoma. Huja wawili wawili, begi mgongoni, madodoso ndani ya faili la plastiki, chupa ya maji mkononi. Hadi wanapobisha hodi nyumba ya kwanza, barua yao imeshatembea kuliko wao: chuo kimeiandikia jiji, jiji limeishusha kwa mtendaji wa kata, mtendaji ameipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, naye mwenyekiti amewatafutia mtu wa kuwatembeza. Wanaamkia, "Shikamoo bibi." Wanaitikiwa, kisha wanaongezewa "Mbukwenyi", na yule aliyetoka Tanga au Mbeya anajifunza papo hapo namna ya kuipokea salamu ya Kigogo. Stuli inatolewa nje, kivulini. Swali la kwanza linasomwa: kaya hii ina watu wangapi?

Swali hilo, jepesi kuliko yote yaliyomo katika dodoso, ndilo linaloanza kuupoteza utafiti njia.

Katika Kiswahili cha ofisi ya takwimu, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Lakini kaya ni neno la Kigogo pia, na kwa Wagogo, wenyeji wa huku, maana yake ni pana zaidi. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha mwaka 1969 kitabu kuhusu ng'ombe na ukoo kati yao, alieleza kwamba kaya ya Kigogo ni makazi mazima, na ndani yake zinaweza kuwamo nyumba kadhaa, kila mke na nyumba yake, shamba lake na nafaka yake. Mzee anayeulizwa anahesabu wote walio chini ya uangalizi wake. Binti mkwe angeulizwa, angehesabu wake na wanawe. Wote wawili wamesema kweli, na takwimu zinazotokana nao hazilingani. Mwanafunzi anaandika 17 katika kisanduku kimoja na 5 katika kingine, kisha kompyuta inatafuta wastani wa vitu viwili tofauti.

Swali la ng'ombe lina kina zaidi. Mgogo mwenye mifugo mingi hakuiweka yote zizini kwake. Aliigawa kwa ndugu na marafiki wa mbali waitunze, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande mwingine ubaki na mbegu. Kwa hiyo zizi unaloliona huenda lina ng'ombe wa watu wanne, na mwenye nyumba huenda ana ng'ombe wake kwenye mazizi mengine ambayo hutayaona. Ukimuuliza ana ng'ombe wangapi, unamuuliza habari za urafiki na madeni yake yote, tena mbele ya mgeni aliyeletwa na mwenyekiti.

Nimeanza na mambo haya kwa sababu ndiyo jiografia ya watu yenyewe. Somo hili linahusu namna watu wanavyokaa katika ardhi na ardhi inavyokaa ndani ya maisha yao. Ramani na majedwali huja baadaye.

Zuzu ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa magharibi, kwenye njia ya Reli ya Kati kuelekea Kigwe na Bahi. Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910 na kuendelea hadi Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo watu wa huku wamewaona wageni wakipita kwa zaidi ya miaka mia. Msomaji asiyeijua Dodoma huenda akashangazwa na jina hilo, maana katika kamusi zetu zuzu ni mtu asiyejua mambo, anayeduwaa penye jambo lililo wazi kwa wenzake. Wenyeji hawahitaji maelezo hayo; ni jina la kwao. Mimi nalishika kama ukumbusho kwa yeyote anayefika na dodoso: asiyejua ni yule anayeuliza. Ndiyo sababu ya kuuliza.

Sehemu hii ya Tanzania imeulizwa sana. Sidhani kuna ukanda mkavu mwingine nchini ambao ardhi yake imepimwa kwa muda mrefu hivyo. Katika miaka ya 1930, kule Mpwapwa, wataalamu wa serikali ya kikoloni walitenga vipande vya ardhi na kupima maji ya mvua yanayokimbia juu yake. Kwenye ardhi tupu karibu nusu ya mvua yote ilitiririka ikaondoka na udongo. Kwenye kichaka kisichochungwa, maji yaliyokimbia hayakufika hata asilimia moja. Tofauti hiyo imeingia katika vitabu vya jiografia vya dunia nzima, nayo imetokana na mvua ya Mpwapwa na udongo wa Mpwapwa.

Kisha, kuanzia mwaka 1968, vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala nchini Sweden viliungana katika mradi wa kuchunguza mmomonyoko, ukiongozwa na Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple. Walipima mabwawa yaliyouzunguka mji wa Dodoma: Imagi, Msalatu, Matumbulu, na Ikowa upande wa mashariki. Njia yao ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Unapima kina cha bwawa leo, unakilinganisha na vipimo vya siku lilipojengwa, na tofauti ndiyo udongo uliotoka mashambani na malishoni. Unaitazama pia mizizi ya miti iliyobaki wazi juu ya ardhi, kwa kuwa mti haukuota ukiwa umening'inia. Udongo ndio uliouhama. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, nayo yalionyesha mabwawa yakijaa mchanga upesi kuliko walivyotarajia walioyajenga. Carl Christiansson, Msweden, aliendelea na kazi hiyo hadi ikawa tasnifu yake ya mwaka 1981, ambayo hadi leo anayeandika kuhusu udongo wa Dodoma hawezi kuikwepa.

Tasnifu ni kazi ya mwanafunzi. Tusilisahau hilo tunapowaona vijana wale wawili wakitembea mchangani. Kazi za aina yao zimewahi kuhamisha watu na mifugo.

Mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, ambayo wengi waliijua kwa ufupi kama HADO. Makorongo ya Kondoa yalikuwa ya kutisha. Picha zake zilitosha kumshawishi yeyote. Matingatinga yalichimba makinga maji, miti ikapandwa. Hayo hayakutosha, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondoka katika eneo lililomomonyoka la vilima vya Kondoa, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wakatolewa. Katikati ya miaka ya 1980 hatua kama hiyo ilifika Mvumi, katikati ya Ugogo.

Ardhi ilipona. Hilo lisemwe bila kigugumizi, kwa kuwa ni kweli na linaonekana: nyasi zilirudi, vichaka vikafunga, mapito ya maji yaliyokuwa mchanga mtupu yakaanza kulimwa. Lakini ng'ombe waliotoka Kondoa hawakuyeyuka. Walikwenda tambarare za jirani, kwenye malisho ya watu wengine. Aliyekuwa na ndugu wa kumpokelea mifugo aliokoa chake, asiyekuwa naye aliuza. Maziwa yalitoweka katika chakula cha watoto, na samadi mashambani. Ilichukua karibu miaka kumi ndipo ufugaji wa ndani, ng'ombe wachache wa maziwa wakikatiwa majani, ulipoanza kuruhusiwa.

Je, watu wa Kondoa walionyeshwa vipimo vilivyowahukumu? Waliambiwa matokeo ya uamuzi, kwa amri. Mwanaanthropolojia Wilhelm Östberg, aliyekaa na Waburunge wa Kondoa na kuandika juu yao kitabu cha mwaka 1995, alikuta kwamba wao wenyewe waliieleza ardhi kwa namna nyingine kabisa. Mtaalamu aliona udongo unaoondoka. Waburunge walisema ardhi inapanda, inajitokeza kutoka chini, na kauli yao hiyo ndiyo aliyoifanya jina la kitabu. Mtu anaweza kuiona kama imani ya kale akaiacha. Mimi naona hapo pengo lililofanya miaka mingi ya makinga maji ijengwe na vibarua wa mradi badala ya wenye mashamba. Watu wawili wamesimama ukingoni mwa korongo moja, mmoja anaona kitu kinakwenda, mwingine anaona kitu kinakuja, na hakuna aliyeketi kuwaunganisha hadi mtu alipokuja kusikiliza kwa miaka.

Hadithi ya vijiji vya ujamaa nayo ina sura hiyohiyo, na Ugogo iliipata mapema. Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwakusanya watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila kaya karibu na mashamba na malisho yake, wakawekwa pamoja. Idris Kikula, mtafiti aliyetokea Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichunguza athari za vijiji hivyo kwa mazingira na kuchapisha kitabu mwaka 1997. Watu wengi wakiwekwa mahali pamoja, ardhi ya karibu hulimwa bila kupumzika na kuni hukatwa mpaka ziishe, na duara la uharibifu hupanuka kukizunguka kijiji. Kikula ndiye aliyekuja kuwa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007. Mtu aliyejua kwa vipimo kinachotokea watu wanapopangwa na ramani bila kuulizwa alikabidhiwa chuo juu ya vilima vinavyouangalia mji ambao wenyewe ulipangwa kwa ramani. Hicho ndicho chuo kinachotuma wanafunzi wengi kwenye mitaa ya Dodoma, pamoja na Chuo cha Mipango na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana.

Robert Chambers, Mwingereza aliyeandika mwaka 1983 kitabu kuhusu namna wataalamu wanavyoshindwa kuuona umaskini wa vijijini, alitaja mitego ambayo mtafiti huingia bila kujua. Huenda mahali palipo karibu na barabara nzuri. Huenda kiangazi, njia zikiwa kavu. Huzungumza na viongozi, wanaume, na wale wenye afya ya kutoka nje. Nikiisoma orodha hiyo naiona Dodoma ya mwezi wa saba na wa nane. Likizo ya vyuo inaangukia miezi ambayo ghala bado lina nafaka, visima havijakauka kabisa, na watu wana nafasi ya kukaa na mgeni. Ugumu wa maisha ya huku unafika baadaye. Mvua ni karibu milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Januari na Februari ndiyo miezi ambayo akiba imeisha, palizi haingoji, mlenda unakuwa mboga ya kila siku, na ukame wa katikati ya msimu unaweza kumaliza kila kitu kwa wiki mbili. Wakati huo mwanafunzi yuko darasani, anachambua majibu ya Julai.

Wagogo wana kumbukumbu ndefu ya njaa na wamezipa majina. Ile iliyopita kati ya mwaka 1917 na 1920 waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo ya vita, kisha mvua ikakataa. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza kwa nyaraka na kwa masimulizi ya wazee, ameeleza kwamba watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 wa Ugogo huenda walikufa. Hakuna dodoso lililoipima Mtunya. Ilitunzwa vinywani mpaka akatokea wa kuiuliza vizuri.

Kipimo kingine cha Dodoma kinanigusa kuliko vyote, ingawa watu wachache mtaani wanakijua. Kaskazini mwa mji, Makutupora, kuna visima vinavyoinywesha Dodoma maji ya chini ya ardhi. Tangu mwaka 1955 mafundi wa maji wamekuwa wakienda kwenye visima vya uangalizi, kushusha kipimo, kuandika kina cha maji, na kurudi. Serikali zilibadilika, makao makuu yalitangazwa kuhamia Dodoma mwaka 1973, fedha zilipatikana na kukosekana, na daftari likaendelea kuandikwa. Mwaka 2013 Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha London pamoja na wenzake, wakiwemo Watanzania walioifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, walichapisha rekodi ya miaka 55. Ilionyesha jambo ambalo utafiti wa msimu mmoja usingeliona kamwe: kwa miaka mingi mfululizo maji ya Makutupora hushuka tu, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, kama ule wa El Niño wa mwaka 1997 na 1998, huyarudisha juu kwa kishindo. Mvua ya kawaida huinywesha mimea na hewa. Mafuriko ndiyo yanayojaza akiba.

Mtu angepima miaka mitatu, angeandika kwamba maji yanaisha, na angekuwa na takwimu sahihi.

Zuzu ya sasa inahitaji uvumilivu wa aina hiyo, maana inabadilika mbele ya macho. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dodoma mjini na watu 410,956; ya mwaka 2022 iliwakuta 765,179. Serikali ilitangaza kuhamia rasmi mwaka 2016, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikavunjwa mwaka 2017, na manispaa ikawa jiji mwaka 2018. Hati za ardhi zilizokuwa za miaka 33 zikawa za miaka 99. Kituo cha umeme cha Zuzu kimekuwa fundo la gridi ya taifa: hapo unafika msongo wa kilovoti 400 unaotoka Iringa kwenda Singida na Shinyanga, njia ya kilomita 670 hivi. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kufika Dodoma mwaka 2024.

Haya ni maswali ya kizazi kizima cha wanafunzi. Shamba la uwele linapogeuka kiwanja, fedha zinakwenda kwa nani ndani ya ile kaya yenye nyumba kadhaa? Mke wa pili, ambaye shamba lilikuwa lake kwa jembe na si kwa hati, anabaki na nini? Mifugo inachungiwa wapi vigingi vya upimaji vikishajaa? Nyumba zilizo chini ya nguzo kubwa zilipata umeme lini, na wenyewe wanapikia nini? Kijana anayechoma mkaa na yule anayepanda zabibu wametoka nyumba moja?

Maswali haya yataulizwa, na watu watajibu kwa ukarimu, kwa sababu ndivyo walivyo. Shida yangu ni kinachofuata. Dodoso hutungwa kwa Kiingereza chuoni, mwanafunzi analitafsiri usiku kwa Kiswahili, na mwenyeji wake analisema kwa Kigogo mbele ya bibi. Jibu linapanda ngazi hizo hizo kurudi, na linapofika juu linakuwa tasnifu ya Kiingereza yenye jalada gumu. Nakala moja huingia maktaba, nyingine hubaki kwa msimamizi. Bibi aliyetumia saa nzima ya asubuhi yake haoni hata ukurasa. Mwaka unaofuata anakuja mwingine, anaketi kwenye stuli ileile, anauliza kaya ina watu wangapi. Haishangazi kwamba wengi hudhani kuna mradi unakuja, wakajibu wakiulenga mradi huo.

Wanafunzi wenyewe siwalaumu sana. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa mwanafunzi, halitoshi nauli ya kwenda, sembuse ya kurudi. Alama hutolewa kwa tasnifu, na hakuna alama ya kusimama mbele ya mkutano wa mtaa kusema: tuliwauliza haya, mkatujibu hivi, sisi tumeelewa hivi, tumekosea wapi? Neno la kazi hiyo tunalo, mrejesho, na limo katika mafunzo mengi ya utafiti. Vyuo vingelitaka kwa dhati, vingelipa alama 10 kati ya 100, pamoja na kurasa mbili za Kiswahili zinazobandikwa ofisi ya kata kabla tasnifu haijapokelewa. Mkutano wa namna hiyo ndio ungemwambia mwanafunzi kwamba zile 17 na 5 zake zilikuwa hesabu za vitu viwili.

Ugogo una mfano wake wa zamani. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, upande wa pili wa mji huu, alikwenda kwa wazee akawauliza asili za koo, watawala, ndoa, njaa na mvua. Kitabu chake kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954, kwa Kiswahili. Wasomi wa Kiingereza walisubiri tafsiri ya Maddox hadi mwaka 1995. Waliohojiwa na watoto wao walikisoma kwanza.

Kama ningekuwa mwalimu wa jiografia katika chuo kimoja cha hapa, ningeanza na korongo moja tu la Zuzu. Wanafunzi wa mwaka huu wangepigilia vyuma ukingoni mwake, wakapima umbali hadi mwanzo wa korongo, na wakawauliza wenye mashamba ya pande zote mbili linatoka wapi na wao wanaliitaje. Wangerudi Februari, hata kwa siku moja, maji yakiwa yanapita. Wa mwaka unaofuata wangepima vyuma vilevile, wakianza kwa kuwasomea watu wa mtaa kilichoandikwa na waliotangulia. Daftari la chuo likae chuoni. La pili, la Kiswahili, likae kwa mtendaji wa kata, kwenye meza ileile ambako barua za vibali hupokelewa, ili anayekuja na barua mpya alifungue kwanza.